Mkandarasi binafsi akague wayaringi, au nisubiri TANESCO?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Nimenunua nyumba Shangani, hapa Mtwara mjini, ya miaka ya 1990. Friji likiguswa na mkono wenye maji linapiga shoti. Fundi mmoja ameniambia ni kwa sababu umeme wetu wa gesi ni mkali. Nataka nyumba nzima ikaguliwe. Jirani anasema ukaguzi ni kazi ya TANESCO peke yao na karatasi ya mkandarasi binafsi haina maana. Nimempata mmoja yuko tayari kuja kesho, na akikuta ubovu anasema atautengeneza mwenyewe. Nimwite?

JIBU: Marahaba. Kabla ya yote, nenda ukachomoe hilo friji. Samaki mpeleke kwa jirani. Na huyo wa umeme mkali mwache aende zake: utoke kwenye gesi ya Mnazi Bay au kwenye maji ya Mtera, ukifika kwako ni volti 230 tu. Friji linauma kwa sababu umeme unavuja kwenye bodi lake na haupati njia nzuri ya kushuka ardhini, basi unapita kwako.

Sasa jirani. TANESCO wanaangalia wayaringi kabla ya kukuunganishia, ni kweli. Ila mzigo wao kwa kawaida unaishia kwenye mita. Waya za kuanzia hapo kuingia ndani ni zako. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka anayefanya kazi ya kufunga umeme awe na leseni, na leseni hizo hutolewa na EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji. Hata fomu uliyopeleka TANESCO kuomba umeme, au aliyoipeleka mwenye nyumba wa zamani, iligongwa muhuri na mkandarasi binafsi. Kwa hiyo mwite, mradi uione leseni yake. Isome: jina ni lake? Haijaisha muda? Leseni hizi zina madaraja, na kila daraja lina kikomo cha kazi. Kugongewa muhuri na mtu ambaye hajakanyaga nyumba yako ni mchezo wa siku nyingi, na wewe ndiye utakayelala humo.

Kinachonitia shaka ni hilo la kukagua na kutengeneza yeye mwenyewe. Anayelipwa kwa kila ubovu hakosi kuuona ubovu. Na aliyefunga waya akijikagua hauoni kabisa. Mlipe huyu kwa ukaguzi peke yake, akuachie karatasi, kisha matengenezo utafute bei kwa watu wawili watatu. Akitaka na yeye ashindane, sawa, lakini baada ya kukukabidhi namba za vipimo.

Namba, ndiyo. Karatasi iliyoandikwa “wayaringi ni nzuri” haina kazi. Kwenye nyumba kama yako ningeanza na ethi, yaani waya na rodi ya chuma inayoshusha ardhini umeme unaovuja. Niliwahi kuchimbua rodi ya nyumba moja ya pwani hukuhuku: juu clampu imeoza, ukiigusa inamwaga unga wa kijani, na rodi yenyewe imekatwa kwa msumeno, haifiki urefu wa mkono, imesimama kwenye mchanga mkavu. Chumvi ya bahari na mchanga havina huruma. Chukua mfano: ukinzani wa ethi, yaani inavyouzuia umeme kupita, unasoma ohmu 200. Friji likivuja, volti 230 zitapitisha ampea moja na kidogo. Saketi breka ya ampea 32 itashtuka kwa hiyo? Haisikii chochote, na bodi la friji linabaki na umeme usiku kucha.

Ndiyo maana unahitaji RCD ya miliampea 30, ile breka yenye kitufe cha T. Ikipitishiwa uvujaji wa kiasi hicho inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 300. Wakaguzi wengi wanabonyeza T, inakata, wanatia sahihi. Kitufe kile kinajaribu breka yenyewe. Hata rodi yako ingekuwa imeng'olewa zamani, kingekata vilevile. Mwambie apime kwa kipimo chake na aandike muda uliosomeka. Ethi nayo ipimwe kwa mita ya ethi. Taa ya testa haitoshi.

Kisha waya kwa megga, kile kipimo cha uzima wa ganda la waya, volti 500. Ikisoma chini ya megaohmu 1, kuna mahali ganda limekufa au maji yameingia. Waya nzima husoma mbali zaidi ya hapo. Kabla hajaanza, mein swichi izimwe, TV, chaja na balbu za LED zitolewe zote, maana volti hizo zinaweza kuziua. Asiyekuambia uchomoe TV, mimi ningemwuliza megga yake iko wapi.

Mengine ni ya haraka: afungue soketi kadhaa, hasa za jikoni na upande wa baharini, aone kama laini na nyutro hazijageuzwa na kama skrubu hazijalegea kwa kutu. Karatasi iwe na tarehe, namba ya leseni, na kila kipimo mbele ya saketi yake. Friji mwambie alipime peke yake, kwani huenda kompresa nayo imechoka, na lisirudi kwenye soketi mpaka ethi na RCD vimepimwa na kuandikwa.