Kupima ardhi iliyo chini ya dampo la zamani kwa mawimbi ya mtetemo

Ndugu, umeuliza kama mawimbi ya mtetemo yanaweza kuonyesha kina cha taka na mwamba ulio chini ya dampo lililofungwa, bila kuchimba. Yanaweza, ila kwa masharti.

Nyundo nzito hupigwa juu ya bamba la chuma, na jiofoni (vihisi vya mtetemo) zilizopangwa kwa mstari hurekodi muda ambao wimbi limechukua kuzifikia. Katika taka kavu wimbi hilo hujikokota, mara nyingi kwa mita 200 hadi 700 kwa sekunde, ilhali katika mwamba mgumu huvuka mita 2,000. Kwa hiyo dampo lililoanzishwa ndani ya machimbo ya mawe, kama lile la Dandora jijini Nairobi, ni mahali panapofaa njia hii.

Ugumu huanzia juu. Udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa kufunika taka hupitisha wimbi haraka kuliko taka zenyewe, wakati hesabu za njia hii, inayotegemea mawimbi yanayopinda yanapoingia tabaka jingine, huchukulia kwamba kasi huongezeka kadiri unavyoshuka, hivyo kina hukosewa. Hapo ni afadhali kupima mawimbi yanayotambaa juu ya ardhi. Vilevile, taka zikilowa maji machafu, kasi inaweza kukaribia mita 1,500, nawe ukadhani umefika kwenye udongo asilia. Kwa sababu hiyo mimi singeamini vipimo hivi bila vya umeme kando yake, kwa kuwa maji hayo yenye chumvi nyingi hupitisha umeme vizuri. Utando wa plastiki wa sakafuni, wenye unene wa milimita chache, usitarajie kuuona.