Maswali na majibu: Filamu za kutisha, za kale na za leo

Nimeiangalia Nosferatu ya 1922 mnayoisifu. Mnyonya damu anatembea mchana kweupe na watu wanakwenda mbio kama vichekesho. Inatisha nini? (Msomaji, Jang'ombe)

Umeangalia nakala mbovu. Murnau, mwongozaji wake, alizipiga picha za usiku mchana, kisha nakala zikatiwa rangi: ukiona buluu, ni usiku. Aliyekupa yako amebakisha nyeusi na nyeupe tu, na usiku wote ukapotea. Hizo mbio nazo zina sababu yake. Filamu ya enzi hizo ilipigwa kwa picha kama 18 kwa sekunde. Ukiichezesha kwa 24, hata maiti ana haraka. Kabla hujaifungua tazama urefu. Iliyokarabatiwa ina kama dakika 94. Ya saa moja na kidogo, iache.

Ipi inatisha kuliko zote duniani? (Wengi)

Mnauliza kila toleo. Siwezi kukujibu bila kujua unaogopa nini.

Mishtuo ya ghafla si uvivu wa filamu za siku hizi? Zamani haikuwepo. (Bibie wa Wete)

Ilikuwepo, bibie. Katika Cat People ya 1942 mwanamke anatembea peke yake usiku. Unasikia viatu vyake, na vya anayemfuata. Kisha vya nyuma vinanyamaza. Anaharakisha, anageuka, hakuna mtu. Halafu mlio kama wa chui, kumbe basi linasimama. Kinachotisha pale ni viatu, basi linakuja kukamilisha tu. Wengi wa leo wamechukua basi, viatu wameviacha, ndiyo maana unaruka mara kumi na ukifika nyumbani unalala fofofo.

Lakini msiwaonee wote. Katika Hereditary ya 2018 kuna mahali kijana anaamka kitandani, na mama yake yuko juu ukutani, gizani, na wala muziki haukwambii utazame. Wako wanaoikosa kabisa.

Psycho ingekuwa ya rangi, si ingetisha zaidi?

Ilirudiwa kwa rangi mwaka 1998, karibu picha kwa picha. Haikutisha.

Maneno hayasikiki, nikipandisha sauti kelele zinawaamsha jirani. Nakaa ghorofa za Michenzani.

Faili lako lina sauti ya njia sita, televisheni yako ina spika mbili. Maneno yako kwenye njia ya katikati, na njia sita zikikunjwa vibaya kuwa mbili, yanazama. Ingia mipangilio ya sauti, chagua palipoandikwa "Stereo" au "PCM", kisha washa sauti ya usiku, ile inayopunguza kelele kubwa, kama ipo. Ukiwa hapo hapo, nenda kwenye picha uchague "Movie" au "Cinema" na uzime ule ulainishaji wa mwendo, maana unaifanya kila filamu ionekane tamthilia ya jioni. Na tafadhalini, si kwa spika ya simu: mngurumo wa chini haitoi hata kidogo. Hedifoni za bei nafuu zinaishinda.

Mbona mnazichukia zilizotafsiriwa na madijei? Wazee wetu hawajui Kiingereza. (Msomaji, Konde)

Kwenye mapenzi na ngumi, dijei na aseme mpaka achoke. Filamu ya kutisha inaishi kwa ukimya, na dijei halipwi kunyamaza. Anaishusha sauti ya asili, viatu vinapotea, kisha anapiga kelele "yuko nyuma yako!" kabla hujaona kitu. Mzee wako umfasirie kisa dakika tano kabla, halafu nyote mnyamaze. Au mwekee A Quiet Place ya 2018, ambamo watu huzungumza kwa ishara karibu muda wote.

Naomba link ya bure.

Za wizi sitoi. Night of the Living Dead ya 1968 ni bure kihalali: ilipobadilishwa jina, tangazo la hakimiliki likasahauliwa, na kwa sheria ya Marekani ya wakati huo ikawa mali ya umma. Itafute mwenyewe.

Kuna filamu kubwa ya kutisha yenye Kiswahili ndani yake? (Mwanafunzi, Chake Chake)

Get Out ya 2017. Wimbo wa mwanzo, "Sikiliza Kwa Wahenga" wa Michael Abels, unamwonya kijana kwa Kiswahili ajiokoe, na yeye haelewi neno. Wewe unaelewa, kwa hivyo usiuruke. Katika nakala ya dijei usiutafute: hapo ndipo anapojitambulisha na kutaja namba ya simu.