Muulize Anti: Dodoso limelala dawati la manesi wiki mbili, hakuna wa kuligusa

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni nesi hospitali moja hapa Mbeya mjini, nina miaka saba kazini. Metroni kanipa kazi ya kuhamasisha wenzangu wajaze dodoso la kuridhika na kazi, yani unaulizwa mshahara unakutosha, bosi anakusikiliza, unapatana na wenzako, mambo hayo, maswali 36. Wodi yetu tuko 12, wiki ya pili hii wamejaza watatu tu na mmoja ndo mimi. Kuna anayesema ni mtego, mwingine anasema yataingizwa kwenye PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, halafu asipande daraja. Metroni naye kachoka, juzi kasema asiyejaza aandike barua ya kujieleza. Sa hivi nikiingia chumba cha chai watu wananyamaza. Nifanyeje Anti?
*Sista wa Wodi ya Watoto, Mbeya*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Tuanze na hiyo barua, rudi kwa metroni leo hii umwombe kwa adabu aifute. Dodoso la namna hii ni hiari, mtu ana haki ya kukataa na asiulizwe kwa nini, ukimtishia atajaza kweli lakini atajaza "nimeridhika sana" juu mpaka chini, na hapo mmepoteza karatasi tu.

Na hao wenzako usiwaone wavivu. Ngoja nikupe ya kwangu, nimefanya unesi miaka mingi kabla ya kukaa kwenye ukurasa huu. Kuna hospitali niliyokuwepo tuliletewa fomu kama hizo, tukajaza kwa moyo wote, mimi niliandika mpaka nyuma ya karatasi kuhusu naiti tunazopangwa mfululizo, inchaji akazikusanya yeye mwenyewe kwa mkono akawa anazisoma anakunywa chai. Hatukuambiwa lolote. Miezi imepita naenda dirisha la dawa kumchukulia mgonjwa panadoli, enzi hizo vidonge vinafungwa kwenye vibahasha vya karatasi chakavu, kugeuza kile kibahasha naona mwandiko wangu! Tangu siku hiyo mtu akinishikisha dodoso nilikuwa naliweka chini ya trei ya sindano na linakaa hapohapo. Kwa hiyo kabla hujamuhamasisha mtu waulize, lile la mwisho majibu yake mliyaona wapi? Nadhani hapo ndo penye tatizo lenyewe.

Basi mwambie metroni fomu asizikusanye yeye, wala inchaji, wala wewe. Tafuteni boksi, ata la glavu lililoisha, mlizibe kwa plasta mtoboe tundu, likae mahali ambapo mtu anapita bila kuangaliwa, na afungue mtu wa nje ya wodi. Kama mnatumia linki ya WhatsApp angalieni ile fomu isiwe inachukua imeili ya mtu, maana fomu za Google zinaruhusu hilo, halafu mnawaambia watu ni siri. Mwingine hajazi kwa sababu bando limeisha tu jamani, karatasi ziwepo pia.

Hilo la PEPMIS lijibu waziwazi mbele ya wote. PEPMIS inapima wewe umefanya nini, iko kwa jina lako. Dodoso linapima kazi imekufanya nini wewe. Likianza kudai jina au cheki namba yako ya utumishi, hata mimi nisingejaza. Kama ni utafiti, ukurasa wa mbele lazima useme nani anafanya, kibali cha maadili kimetoka wapi, na kwamba unaweza kuacha katikati. Huo ukurasa usomeeni kwenye ripoti ya asubuhi, watu wengi wanauruka wanakimbilia maswali.

Maswali 36 kama ulivyosema yananikumbusha lile dodoso la mwanasaikolojia Paul Spector wa Marekani la mwaka 1985, nalo lina 36 kwenye maeneo tisa, mshahara, kupandishwa cheo, msimamizi, marupurupu, kutambuliwa ukifanya vizuri, taratibu za kazi, wenzako, kazi yenyewe na mawasiliano. Kama lenu ndo hilo au limechukuliwa humo, waambie wasome taratibu, karibu nusu ya sentensi zimegeuzwa. Moja inasifia, nyingine inalalamika. Nesi aliyetoka naiti macho mekundu akishusha tiki kwenye "nakubali sana" mstari mzima anajikuta kasema anampenda msimamizi na hampendi, kwa pumzi moja. Ndo maana nasema msiwape watu saa ya kutoka wanawahi bajaji ya Uyole. Ombeni dakika kumi na tano ndani ya zamu, mmoja anajaza mwenzake anashika wodi.

Halafu naiti zenyewe! Mwenye fomu anakuja saa mbili asubuhi anaondoka saa tisa, wale wanaokaa na sweta mbili juu ya gauni usiku wa Julai hawamwoni kabisa, na ndo wenye mengi ya kusema. Watatu kati ya 12 wanaweza kuwa watatu wenye hasira kuliko wote, au watatu wanaoelewana na metroni (usikasirike, wewe si umo), na ripoti itaandikwa "manesi wa wodi ya watoto wanasema". Hiyo hoja waambie wenzako hivyohivyo, asiyejaza wale watatu wanamsemea.

Na kabla ya yote hayo metroni atamke siku ya kuleta majibu. Tarehe, siyo "baadaye". Ibandikwe ubaoni pembeni ya rosta.

SWALI: Kamwene Anti. Niko Iringa, ni mkunga mwanaume na wodi ya wazazi niko peke yangu. Dodoso halina jina ila linauliza wodi, jinsia, umri na miaka ya kazi. Nikijaza si washanijua?
*Mkunga, Iringa*

JIBU: Kamwene mwanangu. Washakujua, tena kabla hawajafika swali la pili! Acha wazi jinsia na umri, jaza yaliyobaki, hakuna wa kukulazimisha. Na mpigie aliyeandaa, namba yake huwa iko ukurasa wa ridhaa, mwambie wodi ndogo aziunganishe wakati wa kutoa ripoti. Watafiti wengi makini hawatoi matokeo ya kikundi chenye watu chini ya watano, muulize kama na yeye anafanya hivyo. Akianza kung'ata maneno, rudisha fomu nyeupe.

SWALI: Anti mimi swali langu fupi, tukijaza mshahara utaongezeka?
*Nesi aliyechoka, Tukuyu*

JIBU: Hapana. Kama uko serikalini mshahara wako haupangwi hapo hospitalini na mganga mfawidhi hana kalamu ya kuubadilisha, anayekuhamasisha kwa ahadi hiyo anakudanganya. Ila rosta inapangwa hapohapo. Nani aende semina, nani apewe likizo Desemba, chumba cha kubadilishia nguo, maji ya moto ya chai ya usiku, yote hapohapo. Na wewe uko Tukuyu, mvua yenu naijua, kama paa la chumba cha manesi linavuja andika ni kona ipi na mmeweka ndoo ngapi.