Kwa mnaoanza kuchora manga Kigoma: acheni kutresi

Kila kundi jipya la wachora manga, yaani katuni za mtindo wa Kijapani, hapa Kigoma, wawe wa Ujiji, Mwanga au Gungu, huja na makosa yale yale ya kundi lililotangulia. Kurasa ni safi, wino umekolea, macho ya wahusika yanang'aa. Ukizitazama mara ya pili unagundua kwamba mkono umetoka manga moja, mguu umetoka manga nyingine, na neno la Kiswahili limebanwa ndani ya puto la maneno mpaka limekatwa vipande vitatu. Inauma, kwa sababu vipaji vipo. Sitaeleza mambo ya mwanzo kabisa, hayo mnayajua. Nasema yale mnayoyaruka, hasa hili la kutresi, yaani kufuatisha mistari ya mchoro wa mtu mwingine.

1. Karatasi na vipimo. Bondi ya kawaida ya gramu 80 ni ya mazoezi tu. Wino wa kuchovya ukiigusa unasambaa, na ukifuta penseli mara mbili nyuzi zinasimama. Nunua manila au karatasi ya gramu 160 na kuendelea. Ukichora kwenye A4, fremu ya ndani iwe milimita 150 kwa 220, kipimo wanachotumia wachora dojinshi wa Japani, yaani vitabu vya kujichapishia. Wanaochorea majarida hutumia B4 yenye fremu ya ndani ya 180 kwa 270, lakini B4 huku kwetu ni shida na mashine nyingi za fotokopi haziipokei, kwa hiyo msihangaike nayo. Maneno yote na nyuso zote zikae ndani ya fremu hiyo. Kinachotoka nje yake ukubali kwamba kinaweza kukatwa.

Kitabu cha kukunja hutolewa kwa kupunguza A4 kuwa A5, yaani asilimia 71. Mstari wa kalamu ya milimita 0.1 ukipungua kiasi hicho, mashine iliyochoka ya steshenari haiuoni tena. Tumia 0.3 kwa uso, 0.5 kwa mwili na 0.8 kwa mipaka ya fremu za hadithi, yaani visanduku vya picha. Idadi ya kurasa igawanyike kwa nne, maana kila karatasi ikikunjwa inazaa kurasa nne. Kila mwaka kuna mtu anamaliza hadithi ya kurasa 18 halafu anashangaa kuona kurasa mbili tupu mwishoni.

2. Kutresi. Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo wengi wenu mnapopotelea.

Kunakili si aibu. Wachora manga wa Japani wamejifunza kwa kunakili waliowatangulia, na nanyi nakilini. Kosa linaanza pale unapolaza karatasi juu ya kioo cha simu, ukafuata mistari ya mtu, ukabadilisha nywele, ukatia saini yako na tarehe, ukaisambaza kama kazi yako. Mnaamini haionekani. Inaonekana, na sababu zake ni za kiufundi.

Mstari uliotresiwa una unene mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa mkono ulikuwa unafuata tu. Mchoraji anayejua anachochora hukandamiza kalamu pale uzito wa mwili unapoegemea na kuilegeza pale mwanga unapopiga. Halafu kuna upeo wa macho, yaani kimo cha jicho linalotazama. Kila pozi lilichorwa kwa upeo wake. Ukimchukua mpiganaji aliyechorwa kutoka chini ukamweka kwenye jukwaa la stesheni ya Kigoma ulilolichora kwa usawa wa macho, miguu yake haigusi sakafu. Anaelea, na msomaji anahisi kuna kitu kibaya hata kama hawezi kukitaja. Kivuli nacho kinakusaliti: uso una mwanga wa kushoto, mkono una mwanga wa kulia, maana vimetoka kurasa mbili tofauti. Zaidi ya yote, wasomaji wa manga wana kumbukumbu kali. Wanakumbuka pembe ya kiwiko.

Chukueni mfano wa Japani. Yuki Suetsugu alikuwa mchoraji anayelipwa, ana mfululizo unaoendelea kwenye kampuni kubwa ya Kodansha. Mwaka 2005 wasomaji waliweka kurasa zake sambamba na za Slam Dunk, manga ya Takehiko Inoue, pozi kwa pozi, na mistari ikalingana. Aliomba radhi hadharani. Kodansha ikasimamisha mfululizo wake na kuviondoa sokoni vitabu vyake, si kile kimoja tu. Fikirini maana yake: kurasa ambazo alizichora kwa haki kabisa, kwa jasho lake mwenyewe, zilizama pamoja na zile za kutresi. Nani tena angeweza kuzitenganisha? Hilo ndilo vijana hawalitazami. Fremu moja ya wizi inaifanya kazi yako yote ya halali ishukiwe.

Alirudi mwaka 2007 na Chihayafuru, manga ya mchezo wa karata za mashairi, na mwaka 2009 ikachukua tuzo ya Manga Taisho. Kwa hiyo kosa hili halimzuii mtu kusimama tena. Lakini yeye alikuwa na msingi wa miaka mingi wa kurudia. Wewe mwenye kurasa 12 tu, ukipoteza uaminifu, unarudi na nini?

Njia ya kunakili inayofundisha ni hii. Chagua fremu moja tu, si ukurasa mzima. Itazame dakika tano bila penseli, ukijiuliza uzito uko mguu upi, nyonga imeinamia wapi, bega lipi liko juu. Chora kiunzi chake cha mistari kwa penseli nyepesi huku ukiitazama. Funga simu. Chora mwili mzima kwa kumbukumbu. Fungua simu, chukua kalamu nyekundu, weka alama kila mahali ulipokosea, na andika pembeni sababu: "mkono mfupi", "shingo haijaingia mabegani". Kisha fanya kazi ambayo wengi hawafanyi: chora pozi lile lile kutoka upande wa pili, kama vile umezunguka nyuma ya mhusika. Ukiweza, pozi limekuwa lako, umelielewa. Ukishindwa, ulikuwa umekariri mistari tu. Pembeni mwa karatasi andika "mazoezi, nimenakili kwa fulani", na karatasi hiyo ibaki kwenye faili la mazoezi.

Kwa kazi ya kuonyesha watu, tafuta miili yako mwenyewe. Nendeni Kibirizi asubuhi boti za dagaa zinaporudi. Mtu anayesukuma mtumbwi mchangani ana msuli wa paja, mgongo uliopinda na vidole vya mguu vilivyozama, yaani kila kitu mnachokitafuta kwenye manga za ngumi. Omba ruhusa, piga picha zako tatu kutoka pembe tatu, changanya ulichokiona kwenye zote. Picha yako mwenyewe hakuna atakayekudai.

Mtindo ni jambo lingine, na hapa nawatetea. Macho makubwa, mistari ya mwendo kasi, tone la jasho juu ya kichwa, hivyo havina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 1999, inalinda kazi iliyochorwa. Wazo na mtindo ni vya wote. Tunao mfano mkubwa nyumbani. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za baiskeli juu ya hardibodi, akafariki mwaka 1972, na waliomfuata wamechora chui na ndege kwa mtindo huo mpaka leo. Aliyerithi mtindo na kutia saini ya jina lake ni fundi wa haki. Aliyechora juzi na kutia saini ya Tingatinga ni mghushi, na picha za namna hiyo zimejaa sokoni. Mpaka uko hapo, na kwenye manga ni huo huo.

3. Manga za Kijapani mnazisoma kutoka kulia, lakini msichore kutoka kulia. Kiswahili kinasomwa kutoka kushoto, kwa hiyo fremu zianze kushoto juu. Msomaji wa Kasulu ambaye hajawahi kushika manga ataanza mwisho wa mazungumzo na kufikia mwanzo, kisha atakirudisha kitabu.

La puto ni kubwa kuliko hilo. Maandishi ya Kijapani husimama wima, ndiyo maana maputo yao ni marefu na membamba. Ninyi mnanakili umbo la puto, halafu mnataka "hawakutuambia" au "nilikukataza" iingie humo. Haingii. Andikeni maneno kwanza, kwa ukubwa wake kamili, zungusheni puto pana kuyazunguka, na ndipo mchore mhusika kwenye nafasi iliyobaki. Neno lisikatwe. Kama sentensi inazidi maneno kumi na tano, igawe kwenye maputo mawili. Na sauti ziwe za Kiswahili: jiwe likitumbukia Ziwa Tanganyika, andikeni chubwi.

4. Ushabiki na fedha. Kuchora mhusika wa mtu mwingine kwa mapenzi ni desturi ya zamani. Comic Market ya Tokyo ilianza Desemba 1975 kwa vikundi 32 na watu wapatao 700, na imekuwa soko kubwa kabisa la dojinshi. Ila msidhani ni ruhusa. Ni uvumilivu: wenye haki huamua kufumba macho, na wanaweza kuyafumbua. Mwaka 1999 mchoraji mmoja wa dojinshi ya Pokémon alikamatwa baada ya Nintendo kulalamika. Kwa hiyo kumchora mhusika umpendaye na kumtundika ukutani, sawa. Kuchapisha fulana mia zenye sura yake na kuzimwaga soko la Mwanga ni biashara ya mali ya mtu.

Kazi yako nayo inalindwa tangu ulipoichora, kusajili si sharti. Lakini hifadhi rasimu za penseli zenye tarehe, kwa sababu siku ya ubishi rasimu ndiyo shahidi. Na someni kwa njia halali inapowezekana. Manga Plus, programu ya wachapishaji Shueisha wa Japani, ilifunguliwa Januari 2019, sura za mwanzo na za karibuni zinasomeka bure, na bando lake si kubwa kuliko la tovuti za wizi zilizojaa matangazo.

5. Udhibiti. Mnanakili vipande vya nguo za ndani kutoka kwenye manga za Kijapani kana kwamba ni sehemu ya lazima ya mtindo. Si lazima. Japani yenyewe ina kifungu cha 175 cha Sheria ya Adhabu, cha mwaka 1907, kinachokataza kusambaza machapisho machafu. Vile vipande vyeusi vya kuficha na ukungu mnaouona vimetoka huko. Hapa kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa ponografia, na ile ya watoto ina kifungu chake peke yake. Mhusika mwanafunzi hachorwi kimahaba, na hilo sina mjadala nalo. Vitabu vyenu vinasomwa na wadogo zenu wa darasa la nne, vinapita mikononi mwa walimu na mama zenu.

Kiufundi, msichore kitu chote halafu mkakifunika kwa kalamu nyeusi. Doa jeusi linavuta jicho kuliko kilichofichwa, na ukurasa wa asili unaharibika. Kata fremu. Onyesha mlango unaofungwa, viatu nje ya kizingiti, uso wa anayesubiri. Fremu inayofuata iwe asubuhi.

Lakini kinachonisikitisha zaidi ni upande wa pili: mnaacha ya aibu na mnafuta ya kweli. Rasimu ina polisi anayeomba rushwa kwenye kizuizi, ina mtoto wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ina mvuvi anayedaiwa. Toleo la wino limebaki na wanafunzi wa Tokyo chini ya miti ya maua. Hakuna aliyewakataza. Mmejikataza wenyewe.

Wachapishaji wa Marekani walipojiwekea kanuni ya kudhibiti vitabu vya katuni mwaka 1954, kampuni ya EC ilitaka kuchapisha tena, mwaka 1956, hadithi yake ya 1953 ambayo fremu ya mwisho inaonyesha mwanaanga mweusi amevua kofia ya chuma. Mdhibiti akataka mtu huyo asiwe mweusi. Mhariri Al Feldstein na mwenye kampuni Bill Gaines wakagoma, kwa kuwa weusi wa mtu yule ndio uliokuwa hadithi yenyewe, na ikatoka kama ilivyo. Kabla hujafuta, jiulize swali lao: nikiondoa hiki, hadithi inabaki? Ikibaki, ondoa bila huruma. Isipobaki, kitetee. Usitaje mtu halisi, usichore sura inayotambulika, badilisha kijiji na cheo, lakini tendo liache.

6. Toni na simu. Vidoti vya toni, vile vya kutia kivuli, vikipunguzwa kwenye fotokopi vinazaa mawimbi mabaya. Tumieni mistari ya mkono, au chora maua ya kitenge, maana Kigoma hatuna upungufu wa vitenge vya kuigwa. Picha ya ukurasa ipigwe karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi. Kwenye ibisPaint, programu ya kuchorea kwa simu, turubai ya A4 iwe pikseli 2480 kwa 3508 walau. Ukiituma WhatsApp, itume kama faili, si kama picha, la sivyo mistari yako myembamba itafika imechafuka na mtasingizia kalamu.