Jibu limefika, lakini ni jibu gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Ukurasa wa duka la mama la vitenge huandika "Oda imepokelewa" kwenye tukio la load la XMLHttpRequest (kifaa cha JavaScript cha kutuma ombi kwa seva bila kupakia ukurasa upya). Jana seva ilirudisha 500 (namba ya hitilafu ndani ya seva), mteja akaambiwa imepokelewa! Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Mimi niliaibika vivyo hivyo kwa fomu ya michango ya harusi, na kamati haijanisamehe. Load haisemi mambo ni safi. Inasema jibu limefika, basi. Hata 404 (kilichoombwa hakikupatikana) na 500 ni majibu. Tukio la error huja pale mtandao wenyewe unapokatika. Kwa hiyo ndani ya load soma status (namba ya hali ya jibu) kwanza: ikiwa 200 hadi 299, mshukuru mteja, vinginevyo mwombe radhi.

Weka pia timeout (kikomo cha muda wa kusubiri jibu), tuseme 15000, maana huhesabiwa kwa milisekunde. Ukiiacha 0 ilivyo, hujaweka kikomo, na mtandao ukisuasua mteja atakodolea macho kile kiduara kinachozunguka. Kiduara kizime kwenye loadend, tukio la mwisho wa ombi, ambalo huja iwe heri iwe shari. Sajili matukio yote kabla ya kuita send, inayotuma ombi.

Ukihamia fetch, njia nyingine ya JavaScript ya kutuma ombi, usidhani umepona: nayo haiioni 500 kuwa kosa. Kagua ok ya jibu, ambayo huwa true status ikiwa 200 hadi 299 tu.