Dawa za wasiwasi kwa mbwa: usiziache wiki ya tatu

Dawa nyingi za wasiwasi wa mbwa huachwa kabla hazijaanza kazi. Wiki ya kwanza mbwa anakisusa chakula, wiki ya pili anashinda amelala, na wiki ya tatu ukitoka bado anakwangua mlango na kubweka mpaka majirani walalamike. Mwenye mbwa anaona hasara bila faida, vidonge vinatupwa kabatini. Ukweli ni kwamba maudhi ya dawa hizi hutangulia na nafuu huja nyuma yake, na kati ya viwili hivyo mwezi mzima unaweza kupita. Usipolijua hilo tangu mwanzo, utaacha palepale ambapo ungevumilia wiki chache zaidi.

Kwanza tutofautishe makundi mawili, maana kuyachanganya ndiko huzaa balaa nyingi. Kuna dawa za kila siku na kuna dawa za tukio. Za kila siku ni kama fluoksetini (toleo la mbwa huuzwa kwa jina la Reconcile) na klomipramini (Clomicalm). Hizi hubadilisha taratibu jinsi ubongo unavyotumia serotonini (kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva), na kazi yake huonekana baada ya wiki 4 hadi 6, kwa mbwa wengine hata 8. Za tukio ni trazodoni, gabapentini, alprazolamu na jeli ya deksmedetomidini (Sileo). Hizi huanza kazi siku hiyohiyo na kuisha siku hiyohiyo. Kumpa mbwa fluoksetini asubuhi ya siku ya fataki ni sawa na kutompa kitu.

Mbwa anayeogopa kuachwa peke yake, au anayeishi na hofu kila siku, huhitaji kundi la kwanza. Mbwa anayeogopa radi au safari ya gari tu huweza kutosheka na la pili. Wapo wanaotumia yote mawili, lakini huo ni uamuzi wa daktari wa mifugo, si wa kabati la nyumbani.

Daktari huyo anahitaji kujua zaidi ya tabia. Mbwa mtu mzima ambaye hakuwahi kuogopa kelele kisha akaanza ghafla, huenda ana maumivu: nyonga, mgongo, sikio, jino. Dawa ya wasiwasi haitibu jino. Kipimo cha damu cha ini na figo kifanywe kabla ya kuanza, kwa sababu dawa hizi huvunjwavunjwa na kutolewa na viungo hivyo. Mwambie kama mbwa amewahi kupata kifafa, kwa kuwa fluoksetini na klomipramini zote huweza kukiamsha. Mwambie kama ana kisukari. Kama kuna kipimo cha tezi ya shingo cha kufanya, kifanywe kabla ya klomipramini, maana dawa hiyo hushusha majibu ya kipimo na mbwa anaweza kuonekana mgonjwa wa tezi bure.

Kisha mtajie kila kitu kinachoingia mwilini mwa mbwa, na kinachopakwa juu yake pia. Hapa ndipo watu husahau ukanda wa kupe. Baadhi ya kanda na dawa za kuogeshea zina amitrazi, na amitrazi haipatani na fluoksetini wala klomipramini. Selegilini, inayopewa mbwa wazee wenye kupotewa na akili, nayo haipatani nazo kabisa: ukitoka kwenye selegilini, subiri siku 14 kabla ya kuanza fluoksetini, na ukitoka kwenye fluoksetini kwenda selegilini, subiri wiki 5, kwa sababu fluoksetini hukawia sana kutoka mwilini. Tramadoli ya maumivu nayo itajwe, kwa kuwa huongeza serotonini juu ya serotonini. Dawa za uvimbe na maumivu ya viungo zikikutana na fluoksetini zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu tumboni.

Sasa hesabu. Dozi hufuata uzito, na uzito wa kukadiria kwa macho haufai. Panda kwenye mizani umembeba mbwa, kisha panda peke yako, utoe. Fluoksetini kwa kawaida ni miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Mbwa wa kilo 18 akianza na kapsuli ya miligramu 20 atakuwa anapata takribani 1.1 kwa kilo, mwanzo mzuri. Kwa mbwa mdogo mambo hugeuka, kwa sababu hana kapsuli inayomtosha na hupewa dawa ya maji. Ile ya kawaida ina miligramu 20 katika mililita 5, yaani 4 kwa kila mililita. Mbwa wa kilo 3 anayepaswa kupata miligramu 3 anahitaji mililita 0.75 tu. Kijiko kimoja cha chai kitampa karibu 7 kwa kilo. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, lenye alama za sehemu ya kumi ya mililita, na vijiko viache jikoni.

Dawa za maji za binadamu zina mtego mwingine: baadhi zimetiwa utamu wa zailitoli, ambao kwa mbwa ni sumu. Hushusha sukari ya damu ghafla na huweza kuharibu ini. Baadhi ya gabapentini za maji za binadamu ni hivyo. Soma viambato vyote, jina hilo kwenye lebo huanza kwa herufi X, na ukiliona usimpe hata tone.

Wiki mbili za kwanza za fluoksetini, tegemea mbwa apungukiwe hamu ya kula. Hili ni miongoni mwa maudhi ya kawaida zaidi. Anafika kwenye bakuli, ananusa, anageuka. Mpe chakula kwanza, dawa baadaye, ili akisusa baada ya kidonge awe ameshatia kitu tumboni. Pasha chakula kidogo kitoe harufu. Usiifungue kapsuli na kumwaga unga juu ya chakula: ni mchungu, na mbwa akishaujua uchungu huo ataanza kulishuku bakuli zima, halafu utadhani dawa imemkata hamu kumbe ni ladha. Njia inayofanya kazi ni vijibonge vitatu vya nyama laini. Cha kwanza hakina kitu. Cha pili kina dawa. Cha tatu mwonyeshe mkononi wakati anapokea cha pili, ili akimeze haraka akikimbilia kingine. Ukimpa kimoja tu chenye dawa, atakitafuna polepole, nyama itaingia na kidonge kitatemwa pembeni, safi kabisa kama kilivyotoka kiwandani.

Akisusa kabisa kwa saa 24, mpigie daktari. Kwa mtoto wa mbwa, mbwa mdogo sana au mwenye kisukari, usingoje hata hizo. Mara nyingi suluhisho ni kushuka hadi nusu ya dozi kwa wiki moja au mbili, kisha kupanda tena. Watu wengi hawajui kuwa njia hii ipo, wakadhani uchaguzi ni kuvumilia au kuacha.

Usingizi na ulegevu navyo huja mwanzoni na kwa kawaida hupungua. Kuna jambo la kulitazama kwa makini: mbwa mtulivu na mbwa aliyefifia si kitu kimoja. Aliyetulia huamka ukimwita, hucheza, hufuata harufu matembezini. Aliyefifia hutazama ukuta. Lengo la dawa si mbwa asiyesumbua. Ni mbwa ambaye hofu yake imeshuka kiasi cha kuweza kujifunza. Akibaki amefifia baada ya wiki ya tatu, dozi ni kubwa au dawa si yake. Wengine huenda kinyume: wanahangaika, wanahema bila joto, wanazunguka usiku. Kwao, kuhamishia dozi asubuhi huweza kusaidia, lakini mhangaiko unaozidi siku hadi siku ni wa kuripoti.

Klomipramini hutolewa miligramu 2 hadi 4 kwa kilo kwa siku, mara nyingi ikigawanywa asubuhi na jioni, pamoja na chakula kidogo kwa sababu hutapisha ikikuta tumbo tupu. Maudhi yake ni ya ukavu: mdomo mkavu, kiu, choo kigumu, na mkojo unaokawia. Hesabu mara anazokojoa. Mbwa aliyechuchumaa mara tatu bila kitu kutoka anapelekwa kliniki siku hiyohiyo. Haifai kwa dume unayemtegemea kwa uzao, na mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya jicho asipewe kabla daktari hajaamua.

Dawa za tukio zina sheria moja inayovunjwa kuliko zote: zitangulie hofu. Mbwa akishaanza kutetemeka na kudondosha udenda, mwili umeshajaa adrenalini na kidonge kitapigana vita vilivyokwisha kushindwa. Trazodoni itolewe takribani dakika 90 kabla, gabapentini muda wa saa 2 kabla. Tena lazima ijaribiwe siku tulivu, upo nyumbani, hakuna kelele wala safari. Kwa nini? Kwa sababu mbwa wachache dawa hizi huwageuza: badala ya kutulia wanapagawa, na hutaki kuligundua hilo usiku wa fataki. Siku ya majaribio andika ilianza kufanya kazi baada ya muda gani, ilidumu kiasi gani, na alitembeaje.

Jinsi alivyotembea ni muhimu hasa kwa gabapentini. Miguu ya nyuma hupishana, anakosea ngazi, anakaa kabla hajafika chini. Ziba ngazi, tandika kitu kisichoteleza, usimwache apande kitanda. Kwa yule mbwa wa kilo 18, gabapentini ya miligramu 10 kwa kilo ni 180, hivyo kapsuli mbili za 100 zinakaribia. Trazodoni ya jaribio la kwanza inaweza kuwa kidonge cha 50, chini kidogo ya 3 kwa kilo, kisha daktari akapandisha.

Alprazolamu inahitaji tahadhari ya pekee. Huondoa hofu, lakini huweza kuondoa na breki. Mbwa ambaye hofu ndiyo iliyokuwa inamzuia kuuma anaweza kuuma bila kunguruma kwanza. Kama mbwa wako amewahi kuuma mtu, hilo liwe sentensi ya kwanza kliniki. Asepromazini, ya zamani, bado huandikwa mahali pengi. Yenyewe hulaza misuli huku woga ukibaki. Mbwa analala sakafuni macho wazi, anasikia kila mlipuko, hawezi kukimbia. Kwa hofu ya kelele tusingeitumia peke yake.

Jeli ya Sileo haimezwi. Vaa glovu, vuta mdomo wa mbwa pembeni, weka jeli kati ya shavu na ufizi, achia. Ikimezwa nguvu yake hupotea, hivyo usimpe chakula wala zawadi kwa dakika 15. Pete iliyo kwenye bomba lake lazima ifungwe kwenye alama ya dozi kabla ya kusukuma. Pete ikiachwa huru, yaliyomo yote yanaweza kutoka kwa mkupuo, na wengi waliozidisha walizidisha hivyo. Mjamzito asiishike.

Yapo mambo ambayo hayasubiri kesho. Kutetemeka pamoja na joto la mwili kupanda, mboni kutanuka, kuharisha na mhangaiko: hiyo ni serotonini iliyozidi, na huweza kuanza ndani ya saa chache. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39.2, likivuka 40, nenda. Degedege lolote liripotiwe. Likizidi dakika 5, au likirudi siku hiyohiyo, ni dharura. Akila chupa nzima, chukua chupa uende nayo, na usimtapishe kwa akili yako. Dozi ukiisahau, endelea na inayofuata kwa wakati wake, usimpe mbili.

Utajuaje kama dawa inafanya kazi? Si kwa kumbukumbu, maana kumbukumbu hudanganya. Tegesha simu irekodi dakika 30 za kwanza baada ya kutoka, mara moja kabla ya dawa na kila wiki baadaye. Andika tarakimu tatu: dakika kabla ya mbweko wa kwanza, dakika alizolala, na muda wa kutulia baada ya kushtuka. Hiyo ya tatu huwa ya kwanza kubadilika. Mbwa bado anashtuka, lakini anarudi kulala baada ya dakika 4 badala ya 40, na mtu asiyeandika hatalitambua hilo. Wakati huohuo mazoezi yaendelee: kutoka kwa sekunde chache, kurudi kabla hajaogopa, kuongeza kidogo. Ukimwacha peke yake kwa muda wa saa nane kila siku katikati ya matibabu, unabomoa mchana ulichojenga asubuhi.

Uamuzi wa kubadilisha dawa ungoje wiki ya 8, isipokuwa maudhi yamekuwa makali. Ikifanya kazi, mbwa hubaki nayo miezi kadhaa baada ya tabia kutulia, kisha dozi hupunguzwa taratibu, kwa mfano robo ya dozi kila wiki 2. Dalili zikirudi kwenye hatua ya pili au ya tatu, panda hadi dozi ya mwisho aliyokuwa sawa nayo, ukae hapo miezi mingine kabla ya kujaribu tena. Kwa kuwa fluoksetini hukawia mwilini, kurudi kwa hofu huweza kuchelewa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo kamera isizimwe mapema. Wapo ambao kila jaribio la kupunguza huwarudisha mlangoni kukwangua. Hao huitumia maisha yao yote, na damu hupimwa tena kila miezi 6 hadi 12.