Usiamue mambo ya pensheni siku ya hofu

Kazi yangu ofisini ni kukaa na wafanyakazi wapya wanapojaza fomu za mfuko wa pensheni. Nimeona watu makini, wanaojua kila makato kwenye mshahara wao, wakiweka alama kwenye kisanduku cha kwanza na kurudisha kalamu. "Nitakuja kubadilisha baadaye," wanasema. Wanaorudi ni wa kuhesabika.

Wala si uvivu. Binadamu ni mzito kuondoka pale alipokwisha kuwekwa. Mwaka 2001 Brigitte Madrian na Dennis Shea walichapisha utafiti kuhusu kampuni ya Marekani iliyoanza kuwaandikisha waajiriwa wapya moja kwa moja, asiyetaka ajitoe mwenyewe. Walioshiriki walifika asilimia 86. Jambo jema, ila wengi waliganda kwenye mchango wa asilimia 3 uliopangwa na mwajiri, tena katika mfuko wenye faida ndogo. Kwa hiyo ukikuta umeshapangiwa kiwango, kichukulie kama mahali pa kuanzia tu.

Kinachonisikitisha zaidi ni hofu ya hasara. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza hutuzidi nguvu kuliko furaha ya kupata kiasi hichohicho. Hisa zikiyumba, kijana ambaye bado ana miongo mitatu kazini anakuja mbio akitaka akiba yake yote ihamishwe kutoka kwenye hisa. Anauza bei ikiwa chini, na bei inapopanda hayumo. Mimi humwomba aandike mpango wake kwenye karatasi siku ambayo soko limetulia, na taarifa ya salio aifungue mara moja kwa mwaka. Anayechungulia kila wiki atakutana na hasara nyingi ambazo, kwa fedha za kustaafia, hazina maana yoyote.

Halafu kuna kuiamini mno kampuni unayoifanyia kazi. Kabla Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, haijafilisika Desemba 2001, zaidi ya nusu ya akiba ya wafanyakazi katika mpango wake wa kustaafu ilikuwa kwenye hisa za Enron yenyewe. Kazi na uzee vikaenda siku moja. Mshahara wako tayari unaitegemea kampuni hiyo. Pensheni itafutie kwingine.

Dawa ninayoiamini ni ya wanauchumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi: kubali leo kwamba kila nyongeza ya mshahara ijayo, sehemu yake iende kwenye mchango. Kwa kuwa fedha unayopokea mkononi haipungui, moyo haulalamiki. Katika kampuni ya kwanza kuujaribu mpango huo, waliojiunga walipanda kutoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 ndani ya miezi 40.

Kama mwajiri wako hana utaratibu huo, iandikie ofisi ya mishahara sasa, kabla nyongeza haijatangazwa, utaje asilimia na tarehe ya kuanza.